KUJIFUNZA KAZI KWA KUIFANYA
Maneno ya wanachama wanaotembelea kaya, yaliyosomwa siku ya kikundi kutimiza miaka kumi

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunawakumbuka pia wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ambao walinunua hisa za kwanza pamoja nasi mwaka 2015 lakini leo hatunao. Mungu awalaze mahali pema.

Ndugu Mgeni Rasmi, habari za hisa, mikopo na faida umekwisha kuzisikia katika risala ya Katibu. Sisi tuliosimama hapa ni wanachama watano tuliopewa na kikundi kazi ya kutembelea kaya zenye watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Tumeombwa tueleze kazi hiyo tunajifunzaje, maana wengi huuliza: "Ninyi akina mama mliishia darasa la saba, ustawi wa jamii mmeusomea wapi?" Jibu letu ni fupi: tunausomea kazini, na bado tunasoma. Mwishoni tutakuwa na ombi, na ombi lenyewe linagusa mfuko wetu wa jamii. Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho.

KWA NINI KIKUNDI CHA KUWEKA NA KUKOPA KIINGIE NYUMBANI MWA WATU

Mkoa wetu wa Njombe una chakula. Viazi vipo, mahindi yapo, maharage, maziwa na parachichi vipo. Lakini utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wakati nchi nzima watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, hapa kwetu ni nusu ya watoto. Utafiti wa Ukimwi wa 2022 na 2023 nao ulionyesha kuwa nchini asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi, na Njombe ni asilimia 12.7, juu kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania Bara. Hizo ni hesabu za wataalamu. Kwa lugha ya kijijini maana yake ni bibi wa miaka sabini anayelea wajukuu wanne, au kaka wa miaka kumi na tano ambaye ndiye baba na ndiye mama kwa wadogo zake.

Na sisi wa kikundi, jamani, tulikuwa tunayaona haya kupitia kwenye daftari. Mama anachelewesha rejesho mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu anaacha kuja. Ukifuatilia unakuta hela ilikwenda kwenye dawa ya mtoto, au mume ameondoka, au nyumbani pameongezeka yatima watatu wa marehemu dada. Faini haitibu jambo kama hilo. Ndipo kikundi kikaamua wawepo watu wa kwenda kuangalia, na wakienda wawe wanajua wanachofanya. Mtu mwenye huruma akiingia nyumbani mwa mwenzake bila ujuzi anaweza kuacha maumivu makubwa kuliko aliyoyakuta.

MAFUNZO HAYA YALIKOTOKA

Ndugu Mgeni Rasmi, utaratibu huu hatukuubuni sisi. Maafisa ustawi wa jamii wenye vyeti ni wachache, na vijiji ni vingi. Kuanzia mwaka 2007 hivi, Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, ikishirikiana na wakufunzi kutoka Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago, Marekani, ilianza kufundisha watu wa vijijini kuwa wasaidizi wa ustawi wa jamii. Mpango ulikuwa na sehemu tatu. Kwanza siku chache za darasani. Kisha miezi 6 ya kufanya kazi katika kijiji chako, chini ya jicho la msimamizi. Halafu mnarudi tena darasani, kila mmoja akiwa na maswali aliyoyapata kwenye kaya.

Baadaye, kati ya 2016 na 2021, mradi wa Kizazi Kipya uliosimamiwa na shirika la Pact kwa fedha za Marekani uliwafundisha maelfu ya wahudumu wa jamii katika halmashauri nyingi nchini. Wawili kati yetu walipitia huko. Sisi watatu tuliobaki tumefundishwa na hao wawili kwa kutembea nao, pamoja na kukaa na afisa ustawi wetu kila mwezi.

Angalieni hesabu yake: siku chache ukumbini, miezi sita kwenye kaya. Ukumbini unapewa maneno, na kwenye kaya ndiko unakojua maneno hayo yana uzito gani.

MAMBO TUNAYOJIFUNZA KAZINI

La kwanza ni kupiga hodi. Mtu atasema, hodi nayo inafundishwa? Inafundishwa. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2019 mkoa wetu ulivyopita katika kipindi kizito cha mauaji ya watoto. Wazazi walikuwa wakiwasindikiza watoto shuleni, na mgeni yeyote aliyeonekana anaongea na mtoto alitiliwa mashaka, na ilikuwa haki yao. Kwa hiyo mtembeleaji mpya haendi peke yake. Hupelekwa kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, akatambulishwa, kisha anafuatana na mtembeleaji wa zamani. Nyumbani anakaa pale alipoonyeshwa kukaa. Fomu inabaki kwenye mkoba. Wanaanza na habari za shamba na za mvua, na kama mwenye nyumba anachambua maharage, nao wanachambua. Ziara ya kwanza inaweza kuisha bila kuandika hata mstari mmoja, na bado ikawa ziara nzuri.

La pili ni kuuliza. Ukimwuliza bibi, "Watoto wanakula?" atakujibu "wanakula," kwa sababu hakuna mtu mzima anayependa kusema mbele ya mgeni kwamba nyumbani kwake hapaliki. Mtembeleaji wa zamani huuliza hivi: "Bibi, jana jioni mlipika nini?" Akisema viazi, anauliza na asubuhi yake, na mchana wake. Baada ya maswali matatu unajua kwamba watoto wanakula viazi vitupu mara moja kwa siku, na bibi hajaaibishwa. Namna hiyo ya kuuliza huwezi kuikariri kitabuni. Unaisikia kwa mwenzako, kesho unaijaribu, na mkiwa njiani kurudi anakuambia ilivyokwenda.

La tatu ni kupima. Utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 una rangi tatu. Kijani ni salama. Njano, yaani chini ya sentimita 12.5, ni hatari inayokuja. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Maneno hayo unayashika kwa dakika tano. Lakini kuupima mkono wa mtoto anayelia na kurusha miguu, bila kuubana utepe wala kuulegeza, mama yake akikutazama usoni aone kama umeshtuka, hilo linahitaji mikono iliyokwisha kupima watoto wengi.

La nne ni kumsikiliza mtoto mwenyewe, na hapa ndipo pagumu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakuwahi kupata huduma yoyote. Kwa hiyo iko siku mtoto atakwambia, "Mama, nikuambie kitu, lakini usimwambie mtu." Mtu ambaye hajafundishwa atasema, "Sawa mwanangu, sisemi." Sisi tumefundishwa tusitoe ahadi hiyo. Tunamwambia: "Sitamtangazia kila mtu. Lakini kuna watu wachache ambao lazima niwaambie ili wewe uwe salama, na nitakueleza ni akina nani." Kisha unasikiliza tu. Humhoji kama polisi, humwambii angefanya hivi au vile, na hulii mbele yake. Sentensi hizo tumezirudia wenyewe kwa wenyewe, mmoja akijifanya mtoto na mwingine mtembeleaji, mpaka zikazoea kinywani. Ukikutwa na jambo lenyewe hakuna muda wa kwenda kutafuta daftari.

La tano ni kujua njia. Mtembeleaji si daktari, si hakimu, wala si benki. Kazi yake kubwa ni kujua kila shida inakwenda mlango gani, na kumsindikiza mwenye shida mpaka mlangoni. Mtoto aliyebakwa afikishwe kituo cha afya haraka iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea ni hasara. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya Huduma kwa Mtoto ni namba 116, na haitozwi. Msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua, maana Serikali ilitangaza hivyo Novemba 2021. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa aulizwe umri wake, kwani kwa walio chini ya miaka 5 RITA ina mpango, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, wa kuwaandikisha bila malipo katika ofisi za kata na vituo vya afya. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa au kijiji akijua haki ya mtoto inavunjwa. Siyo sisi watano tu. Ni kila mmoja aliyekaa hapa.

SIRI NA SANDUKU

Ndugu wanachama, la sita tunalisema peke yake kwa sababu linatuhusu wote.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayelifungua peke yake, na hakuna anayelifungua nje ya mkutano. Si kwamba hatuaminiani. Tumeweka utaratibu ili uaminifu usijaribiwe. Habari za mtoto nazo zina kufuli. Kinachosikika kwenye kaya kinaandikwa kwenye daftari lenye namba badala ya majina, na anayejua namba ile ni ya nani ni mtembeleaji na afisa ustawi. Hakisimuliwi kisimani, hakisimuliwi kanisani kwa jina la maombi, na hakisimuliwi hapa kwenye mkutano wa Alhamisi hata kama mwenye kaya ana rejesho la kulipa.

Tunajua hili ni zito kwa kikundi. Mwanachama anauliza: "Mlikwenda kwa fulani, mmekuta nini? Hela yangu itarudi?" Swali la hela ni haki yake, na lina mahali pake kwa kamati ya mikopo. Swali la mlikuta nini halina jibu. Mkituona tunanyamaza, msidhani tunaringa. Siku tutakaposema ya jirani yako, ujue kesho tutasema ya kwako, na baada ya hapo hakuna mlango utakaofunguka tena.

MSIMAMIZI NDIYE NUSU YA MAFUNZO

Mara moja kwa mwezi tunakaa na afisa ustawi wa jamii kwa saa mbili hivi. Kila mmoja analeta shauri moja bila kutaja jina. Afisa hatuambii haraka la kufanya. Anauliza maswali matatu: Uliona nini? Ulisikia nini? Ulidhani nini? Kwa nje yanaonekana maswali mepesi, lakini ndiyo yanayotufanya tusihukumu watu. Mtu analeta habari kwamba mama fulani ni mlevi. Uliona nini? Niliona mama amelala saa nne asubuhi na ndoo ya ulanzi iko pembeni. Ulisikia nini? Mtoto alisema mama hajala tangu juzi. Ulidhani nini? Nilidhani amelewa. Basi, ulevi haujaonekana bado. Kilichoonekana ni mama aliyelala na ndoo. Inawezekana amelewa, inawezekana ni mgonjwa, inawezekana ndoo ni ya jirani. Turudi tukaangalie. Na safari hiyo afisa mwenyewe anafuatana nawe.

Katika kikao hicho hicho tunaulizwa na sisi tunaendeleaje. Kazi hii inaingia moyoni. Unatoka kwenye kaya yenye njaa, unafika kwako unashindwa kumeza ugali. Usipopata mahali pa kuutua mzigo huo, ama utaiacha kazi, ama moyo utakuwa mgumu mpaka usione tena.

Ndugu wanachama, hebu kumbukeni sisi wenyewe tulivyojifunza kuweka na kukopa. Mwalimu hakutuhubiria siku moja akaenda zake. Miezi ya mwanzo alikuja kila mkutano, akakaa kando akaangalia tunavyohesabu. Baadaye akaja mara moja moja. Mwisho akaja siku ya kuvunja mzunguko tu, akahakikisha mgao umekwenda sawa. Tungefundishwa kwa semina ya siku mbili na posho ya nauli, sanduku hili lisingefika hata mwaka wa pili. Kama hesabu ya hela ilitaka mwalimu wa kukaa naye, je, maisha ya mtoto?

OMBI LETU

Sasa tunafika kwenye ombi. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo huo shirika lake la misaada la USAID likafungwa. Shughuli nyingi zilizotegemea fedha hizo zilisimama. Hapa kwetu watoto wako pale pale, bibi yuko pale pale, na watembeleaji tupo. Kilicho hatarini kukatika ni kile kikao cha mwezi na ule utaratibu wa kumfundisha mtu mpya, kwa sababu vyote viwili vinataka nauli ya bodaboda na daftari. Bila hivyo tutabaki na watu wenye huruma wanaozunguka kwenye nyumba za watu bila mwalimu. Tumekwisha sema hatari yake.

Tunaomba mambo manne.

Moja. Mfuko wa jamii utenge sehemu ndogo kila mwezi kwa nauli ya watembeleaji kwenda kwenye kikao cha afisa ustawi. Posho hatuombi.

Mbili. Kikundi kipitishe kanuni kwamba hakuna mtembeleaji mpya atakayekwenda peke yake kabla ya kutembea miezi 6 na wa zamani, hata kama ana elimu kubwa namna gani.

Tatu. Ofisi ya kata, kupitia kwako Mgeni Rasmi, itusaidie kikao hicho kiingizwe katika ratiba ya Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto, ili afisa akihamishwa, anayekuja akute kazi imeandikwa.

Nne. Vijana wawili wa kike, mabinti wa wanachama, waanze kufundishwa mwaka huu. Sisi miguu inachoka, na vilima vya huku si mnavijua.

Tunawasikia wanachama wanaosema mfuko wa jamii uliwekwa kwa ajili ya msiba na ugonjwa, siyo kwa nauli. Wana hoja, na tunawaheshimu. Msiba ukitokea, lazima fedha iwepo, na hatutaki iguswe kwa namna ya kumwacha mfiwa mikono mitupu. Lakini tuangalie tunachokilipia. Mfuko huu umekuwa ukitoa hela baada ya jambo kuharibika: mtoto amekwisha lazwa, mtu amekwisha kufa. Nauli ya bodaboda kwa mwezi ni kidogo kuliko siku moja ya mtoto wodini, na ndiyo inayomfikisha mtu kwenye kaya kabla utepe haujafika kwenye nyekundu. Mkutano ndio wenye uamuzi. Sisi tumeleta hoja, tunaiacha mezani ipigiwe kura mkutano ujao, kwa taratibu zetu za siku zote.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunamaliza. Tunawashukuru waganga na wauguzi wa zahanati, walimu, wenyeviti wa vitongoji wanaotusindikiza, waume zetu wanaovumilia tukichelewa kurudi, na maafisa ustawi waliokubali kukaa chini kwenye mkeka kutufundisha. Zaidi ya wote tunawashukuru mabibi na watoto waliotufungulia milango yao tukajifunza kazi kwao. Wao ndio walimu wetu wa kwanza, ingawa hakuna aliyewapa cheti.

Kikundi kidumu, na watoto wakue.